Kwa nini seva nyingi za nyumbani huishia kuzimwa na wenyewe?

#1 Kibatari
Wakuu, salaam. Nataka kusikia kutoka kwa wanaohosti huduma zao wenyewe nyumbani, yaani kuziendesha kwenye kompyuta yao badala ya kwa kampuni, na hasa waliowahi kuhosti kisha wakaacha.

Mwanzo unafanana kwa karibu kila mtu. Unachukua kompyuta ya zamani au Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), unaweka Linux, unaweka Docker (inayoendesha kila programu ndani ya kasha lake, yaani kontena), halafu huduma zinaanza kuingia moja baada ya nyingine: Nextcloud ya mafaili, Immich ya picha, Jellyfin ya video, Vaultwarden ya manenosiri, Pi-hole ya kuzuia matangazo. Ukirudi kumuulizia mwenzako baadaye, mashine imezimwa, picha zimerudi kwa kampuni kubwa, na yeye hataki hata kuizungumzia.

Wengi husingizia umeme na intaneti. Mimi sikubali. Mashine ndogo inayokula wati 10, ikiwaka mwaka mzima bila kuzimwa, haifikishi uniti 88. Dai langu ni hili: seva huanza kufa siku ile watu wengine wa nyumbani wanapoanza kuitegemea. Kabla ya hapo ikizima unaiwasha ukipata nafasi. Baada ya hapo umekuwa fundi wa zamu, usiku na mchana, bila wa kukupokea. Zamu hiyo ndiyo inayowashinda watu.

Mnaonaje?

#2 WayaMwekundu
Umeme usiupuuze hivyo mkuu. Hizo wati 10 ni za mashine ndogo. Wengi huanza na seva za ofisini zilizostaafishwa, zile za kupachika kwenye raki. Hizo hata zikiwa hazina kazi zinaweza kula wati 100 na kuendelea, na wati 100 kwa mwaka ni uniti 876. Hapo bado sijagusa feni. Namjua mtu aliyeizima ya kwake kwa sababu ya kelele tu, bili hakuwa na habari nayo.

#3 Mkesha
Jibu ni CGNAT, na uzi ungeweza kuishia hapa.

Watoa huduma wengi wa intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ruta yako inapewa anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, safu iliyotengwa rasmi kwa kazi hiyo mwaka 2012. Sasa mtu anafuata maelekezo, anafungua poti (mlango wa mtandao) kwenye ruta, anajaribu kutoka nje, hola. Anabadilisha faiawoli (kizuizi cha mtandao), hola. Anaweka upya mfumo mzima, hola. Kumbe lango linaloelekea intaneti liko kwa mtoa huduma na yeye hana ruhusa nalo. Anakata tamaa akiamini hajui kazi, na hajakosea chochote.

#4 Dafina
Mkesha, mtu anajuaje kama yuko nyuma ya CGNAT?

#5 Mkesha
Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya WAN (ya upande wa intaneti). Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikilingana, una anwani ya umma. Zisipolingana, mbele yako kuna NAT nyingine, yaani kifaa kingine kinachoficha wengi nyuma ya anwani moja. Na ukiona anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127, hiyo ni CGNAT moja kwa moja.

#6 Tarishi
Nyongeza kwenye #5, maana inawachanganya watu wengi: Tailscale, huduma ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, nayo hugawa anwani kutoka safu hiyohiyo ya 100.64.0.0/10. Ukiandika `ip addr` kwenye seva ukaona 100.something, huenda ni Tailscale yako mwenyewe. Angalia WAN ya ruta, usiangalie seva. Na kuna watoa huduma wanaotumia 10.x kwa wateja wao, kwa hiyo kutoiona 100.64 hakukuhakikishii kitu. Kulinganisha anwani mbili ndiyo njia ya uhakika.

#7 Dafina
Asante, ngoja nikaangalie.

#8 Pundamilia7
Mkesha, hiyo sababu ilikuwa na nguvu zamani. WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya mashine), iko ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 5.6, mwaka 2020. Unakodi VPS ndogo (seva iliyoko kwa kampuni) yenye anwani ya umma, seva ya nyumbani inaipigia yenyewe kutoka ndani, na CGNAT haina la kufanya kwa sababu mawasiliano yameanzia kwako. Asiyetaka kuandika mipangilio atumie Tailscale, au ahosti Headscale kama hataki kitengo cha uratibu kiwe kwa kampuni. Au Cloudflare Tunnel, ambayo haihitaji kufungua poti hata moja.

#9 Mkesha
Sawa, ila hiyo ya mwisho uieleze yote. Kwenye tovuti unazopitisha kwenye Cloudflare Tunnel, usimbaji wa HTTPS unafunguliwa kwenye mitambo yao, ndipo data inafungwa tena kuja kwako. Maana yake wana uwezo wa kuona kinachopita. Mtu katoa picha za familia kwa kampuni moja ili zisionwe, halafu kila anapozitazama akiwa nje zinapitia kwa kampuni nyingine zikiwa wazi. Anayeijua hali hiyo na kuikubali sina neno naye. Wengi hawajui.

#10 Pundamilia7
Hapo tuko pamoja, na ndiyo maana nilianza na VPS. Ukipitisha poti 443 (ya HTTPS) kama ilivyo, bila kuifungua njiani, cheti na ufunguo vinabaki nyumbani. VPS inaona mafungu yaliyofungwa tu. Ila ukiweka Caddy au nginx (programu za kupokea maombi ya tovuti) kwenye VPS ifungue HTTPS huko, umerudi kulekule.

#11 Mama Seva
Kibatari, kwangu ni kinyume kabisa cha unachosema.

Ya kwangu inadumu kwa sababu watu wa nyumbani wanaitumia. Kipindi nilichokuwa naitumia peke yangu nilikuwa siijali. Diski inajaa, cheti kinaisha muda, mimi nimelala. Walipoanza kuweka picha zao ndipo nikaikagua kila mara. Kinachoua seva ni kukosa watumiaji.

Lakini nilifanya jambo moja ambalo sioni likitajwa. Nilichagua huduma kwa kujiuliza: hii ikizima usiku nikiwa mbali, nani ataumia? Chukua Vaultwarden. Programu za Bitwarden kwenye simu hubaki na nakala ya manenosiri, iliyofungwa. Seva ikizima, watu wanaendelea kuyasoma kama kawaida, hawataweza tu kuongeza jipya au kubadilisha la zamani. Immich nayo ikizima, picha mpya zinabaki kwenye simu zikisubiri. Hakuna anayeniamsha.

Sasa weka Pi-hole kwenye mashine hiyohiyo unayoichezea kila siku. Ukiizima kidogo uongeze RAM, nyumba nzima inapiga kelele kwamba intaneti imekufa, maana hakuna jina la tovuti linalotafsirika. Huduma ya namna hiyo ama iwe na mashine yake ambayo huigusi, ama usiwe nayo.

#12 FundiTaa
Mama Seva umenena. Niongeze tahadhari: wapo wanaotatua hilo kwa kuandika DNS (kitafsiri cha majina ya tovuti) ya pili kwenye ruta, ya umma, wakiamini itatumika pale tu ya kwanza ikianguka. Vifaa vingi havifanyi hivyo. Vinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili wakati wowote, kwa hiyo matangazo yanarudi nusunusu na wewe unatafuta tatizo ambalo halipo kwenye Pi-hole. Dawa ni Pi-hole mbili kwenye mashine mbili.

#13 Kibatari
Mama Seva, nakuheshimu sana, lakini ulichoeleza ni kwamba uliondoa kila kinachoweza kukuamsha usiku. Yaani uliikimbia zamu. Hiyo inaunga mkono dai langu.

#14 Mama Seva
Usinivute upande wako kwa nguvu, mwanangu. Wewe umesema watu wakiitegemea inakufa. Mimi wananitegemea na iko hai.

#15 Zumaridi
Nyote mnazunguka. Kinachoua ni masasisho, na nina mfano.

Kaka yangu alikuwa na Immich, Nextcloud na vingine kadhaa, vyote kwenye Docker, na karibu kila kitu kikiwa na lebo ya `latest` (toleo jipya kabisa). Siku moja akavuta matoleo mapya yote kwa mpigo. PostgreSQL (programu ya kanzidata) ya mojawapo ikaruka toleo kubwa, na kontena ya kanzidata ikakataa kuwaka ikidai mafaili yaliyopo yaliandikwa na toleo la zamani. PostgreSQL ndivyo ilivyo. Ukitoka toleo kubwa moja kwenda lingine, tuseme 15 kwenda 16, haisomi tu mafaili ya zamani. Lazima utoe data kwa `pg_dump` uirudishe kwenye mpya, au utumie `pg_upgrade`. Docker haikufanyii hayo.

Yeye akadhani picha zote zimepotea. Hazikuwa zimepotea, zilikuwa kwenye folda yake salama. Ila albamu, sura zilizotambuliwa, maelezo, nani ameshirikishwa nini, vyote viko kwenye kanzidata. Angeweza kurudisha namba ya toleo la zamani na mambo yakaendelea, lakini usiku ule hakuna aliyemwambia. Alizima mashine na hajaiwasha tena.

Nextcloud nayo hairuhusu kuruka matoleo makubwa. Kutoka 27 kwenda 29 lazima upite 28. Ukiiacha miaka miwili bila kuigusa, siku ukirudi una ngazi ya kupanda hatua kwa hatua, na kila hatua inaweza kukwama. Mtu mwenye kazi na watoto anaitazama ile ngazi, anaacha.

#16 Tarishi
Zumaridi yuko sahihi, na kwa Immich kuna la ziada: inatumia PostgreSQL yenye kiongezi cha vekta kwa ajili ya kutafuta picha, kwa hiyo usiibadilishe kwa PostgreSQL ya kawaida ukitarajia iende. Tumia ile wanayoitaja wenyewe kwenye faili lao la Compose (faili la mipangilio ya kontena). Na bakapu ya Immich ni vitu viwili kwa pamoja: folda ya picha na nakala ya kanzidata. Mwenye kimoja ana nusu.

#17 Nahodha_X
Kwani lazima kusasisha? Ya kwangu iko ndani, haina poti iliyofunguka, naifikia kwa WireGuard tu. Kinachofanya kazi sikigusi. Naona mnajitafutia maumivu wenyewe.

#18 WayaMwekundu
Nahodha, soma kisa cha LastPass, kampuni ya kutunza manenosiri. Katika uvamizi wa mwaka 2022, washambuliaji walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja wa kampuni. LastPass wenyewe walieleza mwaka uliofuata kwamba wavamizi waliingilia kwenye programu ya media ya kampuni nyingine iliyokuwa na kasoro, wakapandikiza kinasa-vibonye, wakanasa nenosiri kuu la mhandisi huyo. Kampuni ya Plex, yenye programu hiyo, ilisema kasoro iliyotumika ilikuwa imezibwa tangu 2020. Huyo naye huenda alijiambia kinachofanya kazi hakiguswi.

#19 Nahodha_X
Kisa nakijua. Lakini hatujaambiwa programu ile ilifikiwa vipi, na mimi nimesema ya kwangu haifikiki kutoka nje. Hizo ni hali mbili tofauti.

#20 Zumaridi
Haifikiki kutoka nje, ila inafikika kutoka kila kifaa kilicho ndani. Simu ya mgeni kwenye Wi-Fi, televisheni ambayo mtengenezaji aliacha kuitunza, kamera. Kimoja kikiingiliwa, seva yako ya zamani iko jirani yake. WireGuard inalinda mlango mmoja tu.

#21 Nahodha_X
Basi wageni wawe na mtandao wao tofauti. Bado hujanishawishi nisasishe kila wiki.

#22 FundiTaa
Kila wiki hapana, hapo niko na Nahodha. Panga siku moja kwa mwezi, chukua bakapu kwanza, andika namba kamili ya toleo badala ya `latest`, soma maelezo ya toleo jipya, sasisha huduma moja, itazame, nenda nyingine. Kasoro ya hatari ikitangazwa katikati ya mwezi, hiyo usisubiri.

Kwa kuwa tumefika kwenye usalama, kuna jambo nataka kila anayesoma uzi huu alijue. Docker inaipita UFW, faiawoli ya Linux. Ukiandika kwenye Compose `5432:5432` (poti ya PostgreSQL), Docker inaandika sheria zake yenyewe kwenye iptables (sheria za mtandao za Linux), na pakiti zinazoelekea kwenye kontena hazipiti kwenye sheria ulizoandika kwa UFW. Unaweza kuamuru UFW izuie 5432, uulize hali, ikujibu imezuiwa, huku poti iko wazi. Haya ni maumbile yake, yameandikwa hata kwenye nyaraka za Docker. Andika `127.0.0.1:5432:5432` kama kinachohitaji kuifikia kiko kwenye mashine hiyohiyo. Na kama kanzidata inatumiwa na kontena nyingine tu, futa mstari wote wa poti. Kontena zilizo kwenye mtandao mmoja wa Docker huonana bila hiyo.

#23 Mkesha
FundiTaa, usiwatie watu hofu kupita kiasi. Kwa aliye nyumbani nyuma ya ruta yenye NAT, tundu hilo linaonekana kwa waliomo ndani ya mtandao wake. Dunia haioni hadi afungue poti kwenye ruta. Hatari kamili ni kwa aliyefanya hivyo kwenye VPS, maana pale hakuna ruta mbele yake.

#24 FundiTaa
Kweli, na VPS ndizo Pundamilia7 amezipendekeza hapo juu, ndiyo maana nimesema. Mwenye IPv6 (mfumo mpya wa anwani) naye akague faiawoli ya ruta yake, kwa sababu huko kila kifaa kinaweza kuwa na anwani ya umma na NAT haipo ya kumficha.

#25 Dafina
Nimeangalia, anwani zinalingana, sina CGNAT. Sasa jambo la ajabu: juzi nilichukua cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt kwa domeni ndogo mpya kabisa ambayo sijamtajia mtu yeyote. Muda mfupi tu baadaye logi zikajaa maombi ya watu wanaotafuta `/wp-login.php` na `/.env`, mafaili yanayopendwa na wavamizi. Walijuaje jina?

#26 Pundamilia7
Roboti zinapita anwani zote za IPv4 mchana na usiku. Anwani za IPv4 hazizidi bilioni 4.3, kuzipitia zote si kazi kubwa siku hizi. Walikukuta tu.

#27 Tarishi
Hiyo ni sababu mojawapo, lakini kama logi zinaonyesha wameomba kwa jina kamili la domeni, basi jina wamelipata mahali. Karibu kila cheti kinachotolewa na mamlaka inayoaminiwa na vivinjari huandikwa kwenye daftari la wazi la Certificate Transparency, na yeyote anaweza kulifuatilia vyeti vinapotoka. Ukiomba cheti cha `picha.` na domeni yako, umetangaza kwamba una huduma ya picha. Asiyetaka hilo aombe cheti cha nyota (kimoja kwa domeni ndogo zote) kwa njia ya DNS. Hapo linaandikwa jina la jumla tu, na njia hiyo haihitaji hata poti 80 iwe wazi.

#28 Dafina
Ni kwa jina kamili. Asante Tarishi.

#29 Pundamilia7
Tukiwa hapohapo, kuna aliyefaulu kuhosti barua pepe nyumbani?

#30 Mkesha
Usithubutu. Umeme ukikatika usiku mmoja, barua zote za usiku huo zimepotea.

#31 Tarishi
Hazipotei. Seva inayotuma ikikukosa, inaiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. RFC 5321, kanuni za kutuma barua pepe, inashauri wasikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Kupokea barua nyumbani hakuna shida kubwa kama poti 25 (ya barua pepe) inaingia.

Kutuma ndiko kugumu. Watoa huduma wengi hufunga poti 25 inayotoka. Anwani nyingi za majumbani ziko kwenye orodha ya Spamhaus PBL, ambayo haikutuhumu kwa lolote, inasema tu kwamba anwani hiyo haitarajiwi kutuma barua moja kwa moja. Unahitaji PTR (rekodi inayogeuza anwani kuwa jina) inayolingana na jina la seva, na hiyo anaiweka mwenye anwani, yaani mtoa huduma. Kisha SPF, DKIM, DMARC, za kuthibitisha mtumaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti, hasa kwa wanaotuma barua nyingi, Google ikihesabu 5,000 na zaidi kwa siku. Na ukitimiza yote hayo, barua bado inaweza kwenda kwenye takataka bila maelezo. Pokea mwenyewe ukitaka, kutuma pitishia kwa anayefanya kazi hiyo.

#32 Kibatari
Wakuu, barua pepe ina uzi wake. Hadi sasa nina zamu, umeme, kelele, CGNAT, kukosa watumiaji, masasisho. Nani mwingine?

#33 MzeeWaDiski
Bakapu. Namshangaa kila aliyepita hapa juu asiitaje, ukiacha Tarishi na FundiTaa kwa maneno machache.

Seva huachwa siku diski inapokufa na mwenyewe akagundua hana nakala. Alikuwa na RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) akaiita bakapu. RAID inakuvusha diski moja ikifa. Ukifuta folda, inafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mwingine anatumia Syncthing, nayo inasambaza ufutaji kwa uaminifu uleule inaosambaza mafaili.

Nakala 3, aina 2 za hifadhi, 1 iwe mbali na nyumba. Programu za bakapu kama Restic au Borg zinafunga data kabla haijatoka, kwa hiyo hata ukiiweka kwa rafiki hawezi kuisoma. Halafu rudisha. Nasisitiza: rudisha kwenye mashine tupu uone inawaka. Aliyewahi kurudisha seva yake kutoka sifuri hazimi kwa hofu, kwa sababu hana cha kuhofia. Waulize waliozima, wachache sana waliwahi kujaribu.

#34 Zumaridi
Mzee, kaka yangu alikuwa na bakapu ya folda ya picha. Aliacha vilevile.

#35 MzeeWaDiski
Alikuwa nayo na hakuitumia. Ndicho ninachosema.

#36 MsomajiKimya
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naomba msaada.

Mume wangu alifariki mwaka huu. Yeye ndiye aliyekuwa na seva, na picha zetu zote, za watoto tangu wanazaliwa, ziko humo kwenye Immich. Mashine bado inawaka, iko kwenye kabati, sijawahi kuigusa. Nenosiri lake silijui. Laptop yake ninayo na naifungua, na kwenye kivinjari chake Immich inafunguka bila kuniuliza kitu. Shemeji anataka kuja kuizima aichukue akaikague kwake. Nimesoma mnavyozungumza nikaona niulize kwanza. Tuizime?

#37 Tarishi
Pole sana dada. USIIZIME, na usimruhusu mtu aichomoe. Watu wanaojua kazi hii mara nyingi hufunga diski kwa LUKS, usimbaji wa diski unaofunguliwa kwa nenosiri. Mashine ikiwa inawaka, diski iko wazi. Ikizimwa, ikiwashwa tena inaweza kudai nenosiri ambalo hakuna anayelijua, na LUKS haina mlango wa nyuma. Huenda hakufunga, lakini hatutaki kulijua hilo kwa kuizima.

Anza sasa hivi na njia rahisi. Chomeka diski ya nje kwenye laptop, fungua Immich kwenye kivinjari hichohicho, chagua picha kwa mafungu, mwezi kwa mwezi, upakue. Usibonyeze kitufe cha kutoka kwenye akaunti (log out), na usifute historia ya kivinjari.

#38 Mama Seva
Pole mwanangu, Mungu awape nguvu wewe na watoto. Mwambie shemeji asubiri. Bandika karatasi kwenye soketi na kwenye swichi ya kabati ili asije mtu akazima kwa bahati mbaya. Na atakayekushauri uweke UPS (betri ya akiba), mwambie bado, maana kuichomeka kunataka uchomoe kwanza.

#39 FundiTaa
Pole dada. Hiyo diski ya nje iwe na mfumo wa exFAT, utaisoma kwenye Windows, Mac na Linux.

Pia fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye laptop na uangalie kama kuna faili `~/.ssh/config`. Likiwepo, litakuwa na jina la seva baada ya neno Host. Andika `ssh` na jina hilo, ndiyo amri ya kuingia kwenye seva kutoka laptop. Wengi huweka ufunguo kwenye laptop na huingia bila nenosiri.

#40 MzeeWaDiski
Wakati anaendelea, niwaambie wengine: wangapi mna nenosiri la bakapu ya Restic ndani ya Vaultwarden iliyo kwenye seva ileile mnayoibakapu? Seva ikifa na simu ikapotea, ufunguo umefungiwa ndani ya kile unachotaka kukifungua. Uandikwe kwenye karatasi, pamoja na nenosiri la LUKS, la akaunti ya domeni, na picha ziko folda gani. Karatasi hiyo ikae na mtu anayejua ipo.

#41 Nahodha_X
Nimeandika ya kwangu usiku huu. Pole sana dada.

#42 Kibatari
Hili sikuwa nalo kabisa kichwani nilipoanzisha uzi. Mimi nilifikiria mwenye seva anayechoka, sikufikiria anayebaki.

#43 MsomajiKimya
Asanteni nyote. Picha za miaka miwili ya mwisho zimeshaingia kwenye diski. Faili la config lipo, na ssh imeingia bila kuuliza. Sasa naona mstari mweusi unasubiri niandike. Niandike nini?

#44 Tarishi
Vizuri sana. Andika `lsblk` ubonyeze Enter. Haibadilishi chochote, inaorodhesha diski tu. Tazama safu ya TYPE, uniambie kama kuna penye neno crypt.

#45 MsomajiKimya
Lipo, sehemu mbili.

#46 Tarishi
Basi amefunga, na tumefanya vema kutoizima. Andika `docker ps`. Ikikuonyesha orodha badala ya kukataa, una ruhusa ya kutosha kutoa picha zote pamoja na kanzidata, na tutakwenda hatua moja moja. Amri yoyote utakayopewa kwenye ujumbe binafsi na mtu usiyemjua, usiiandike. Ilete hapa kwanza tuione wote.